WordPress kwa tovuti ya wanyama walio hatarini kutoweka: uzoefu wangu

Ninaizungumzia WordPress, programu ya kutengeneza na kuendesha tovuti, ile unayoiweka mwenyewe kwenye seva ya kukodi. Kwa kupanga kurasa sina malalamiko: kila mnyama ana ukurasa wake, na kisanduku cha jina, chakula, vitisho na hadhi yake nakiunda mara moja, nakihifadhi, kisha nakichomeka ukurasa baada ya ukurasa na kubadilisha maneno tu.

Picha ndizo zinazotaka uangalifu mkubwa. Simu iliyoruhusiwa kutumia GPS huandika latitudo na longitudo ndani ya faili la picha, na WordPress haizifuti. Picha ikizidi pikseli 2,560, hutengenezwa nakala iliyopunguzwa yenye "-scaled" kwenye jina, lakini faili la asili linabaki kwenye seva. Ondoa neno hilo kwenye anwani, unalifikia. Basi chukua picha ya shimo la kakakuona: nyasi, udongo uliofukuliwa, tundu jeusi. Haionyeshi chochote cha kutambulisha mahali. Mtu akiipakua na kufungua maelezo ya faili, anapata namba zinazomfikisha mita chache tu kutoka kwenye tundu lile. Kwa mnyama anayewindwa kwa ajili ya magamba yake, huko ni kumpeleka jangili mlangoni.

Safisha kabla ya kupakia. Kwenye kompyuta natumia ExifTool, programu ya kuhariri maelezo yaliyofichwa ndani ya picha; amri ya kufuta mahali ni hii: exiftool -gps:all= *.jpg. Huacha nakala zinazoishia na "_original"; hizo bado zina mahali, usizipandishe kwa bahati mbaya. Kisha punguza upana hadi pikseli 1,600 na uhifadhi kwa WebP, muundo wa faili la picha ambao WordPress inaupokea tangu toleo la 5.8 la 2021. Ninalenga chini ya kilobaiti 200 kwa picha, kwa sababu msomaji wa simu hangojei. Kama picha ambayo bado ina mahali imeshapanda, kuitoa kwenye ukurasa hakutoshi. Ifute kwenye maktaba ya picha, kisha safisha kashe, yaani nakala za muda za kurasa zako.

Ramani ina mtego wake. Ukitumia Leaflet (programu ya kuonyesha ramani kwenye tovuti) na OpenStreetMap (ramani huria ya dunia), kuzuia watu wasivute ramani karibu hakufichi kitu, maana kivinjari kimeshapokea namba kamili. Zungusha namba zenyewe kwenye data hadi desimali moja, yaani kama kilomita 11 kwenye ikweta, au paka rangi eneo zima bila alama. Mimi napenda kupaka rangi; alama ya mviringo humfanya msomaji aamini mnyama yuko katikati.

Hadhi ya uhifadhi iandikwe pamoja na mwaka wa tathmini. Tembo wa Afrika alikuwa akihesabiwa spishi moja kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, hadi 2021, ilipotenganisha tembo wa msituni (CR, yaani hatarini kabisa kutoweka) na wa savana (EN, yaani hatarini kutoweka). Kurasa nyingi bado zinanakili hadhi ya zamani, VU, yaani ya hatari ndogo kuliko hizo mbili. Maandishi yasiyo na mwaka hayamwonyeshi msomaji kama yamepitwa.

Maoni ya wageni nayo yasubiri idhini yako. Mpangilio uko kwenye sehemu ya majadiliano. Mtu mwenye nia njema huandika, "Nimemwona jana jioni karibu na daraja." WordPress inakuruhusu kuhariri maoni, kwa hiyo ondoa daraja na jioni, umwachie furaha yake ya kumwona.