Semina ya likizo kwa vijana, Majengo Moshi: inafaa, ila mzazi naye akae

Wazazi wenzangu wenye vijana wa sekondari, kama likizo ya Juni inawatia wasiwasi, hii semina ya Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa huku Majengo inafaa. Mimi nauza mitumba soko la Memorial. Natoka nyumbani alfajiri kuwahi belo, narudi giza limeshaingia, na mchana kutwa sijui mwanangu wa kidato cha pili yuko na nani. Ada ni Sh 5,000, chai na maandazi humo humo.

Kilichonifurahisha ni kwamba hawahubiri. "Epukeni makundi mabaya" watoto wetu wameisikia tangu chekechea. Mshauri alichora mistari mitatu ubaoni, akachora mwingine pembeni, akauliza upi unalingana nao. Jibu liko wazi kabisa. Ila watoto kadhaa walikuwa wamepangwa kwa siri wajibu vibaya, na binti aliyeulizwa mwisho akatazama ubao, akatazama wenzake, akajibu kama wao. Hilo ni jaribio la mwanasaikolojia Solomon Asch, alilolifanya Marekani miaka ya 1950 kwa wanafunzi wa chuo, na karibu theluthi ya majibu yao yalifuata kundi. Mshauri akarudia. Safari hii mmoja kati ya waliopangwa akasema kweli, na aliyeulizwa mwisho naye akasema kweli. Asch aliona hivyo hivyo: mtu akipata mwenzake mmoja tu, kufuata mkumbo kunapungua sana.

Basi siku nzima ikajengwa hapo. Kila kijana alichagua mwenza, wakafanya maigizo, kama hili la kubeti: "Oya, weka buku kwenye mkeka, wote tumeweka, acha ushamba." Anayejibu anafundishwa aseme hapana mara moja, kwa sentensi fupi, aondoke na mwenza wake. Asijieleze, maana kila sababu anayotoa wenzake wataipatia jibu. Wasichana walifanya igizo la bodaboda anayetoa lifti za bure kila siku halafu anakuja kudai. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa.

Wanaruhusiwa pia kumsingizia mzazi. Mimi na mwanangu tumekubaliana: akiazima simu akaniuliza kama chumvi imeisha, nafoka arudi nyumbani sasa hivi, na wenzake wasikie. Ameshaitumia. Alipofika hakuniambia alikuwa wapi, nami sikumhoji usiku ule.

Upungufu upo. Watoto walikuwa wengi mno, wapole hawakupata zamu. Asubuhi yote iliishia kwenye bangi na mirungi, kubeti kukaguswa juu juu, wakati kwa wavulana wa mitaa yetu, Majengo hadi Pasua, mikeka ndiyo inayomeza hela ya daftari, na sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza. Naomba waandaaji waipe kubeti nafasi yake kamili.

Kipindi cha wazazi kiliwekwa mwisho, wengi wakiwa wameshaondoka, na kilikuwa kizuri sana. Hapo ndipo tulipoelezwa utafiti wa Gardner na Steinberg wa mwaka 2005: vijana waliocheza mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta walijihatarisha zaidi marafiki wakiwa karibu kuliko wakiwa peke yao, na kwa watu wazima tofauti hiyo haikuonekana. Nikaelewa kwa nini mtoto mtulivu nyumbani anaweza kuwa mwingine kabisa akiwa na wenzake kijiweni. Tulipewa pia namba 116, ambayo mtoto anaweza kuipiga mwenyewe, bure.

Mkienda, fikeni kabla ya saa tatu asubuhi mpate viti vya mbele. Na ukiweza, mlipie na rafiki yake mmoja wa mtaani kwenu. Mwenza wa mwanangu anakaa Rau, mtaa mwingine, na kijiwe kiko hapa Majengo.