Ndoo ya vifaa vya kike vya dharura: pedi nzuri, sabuni haba

Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Lindi–Dar es Salaam pande za Kilwa, magari yakakwama. Kwa hiyo ndoo hii tunaipima hivi: mama aliyehamia darasani na wanawe kwa sababu nyumba imejaa maji, atamaliza nayo hedhi bila kwenda dukani?

Ni ndoo ya lita 10 yenye mfuniko. Ndani mna pedi nne za kufua, chupi mbili, kipande cha sabuni, kanga, tochi ya sola na filimbi.

Pedi zimeshonwa vizuri: juu pamba, katikati flaneli, chini kitambaa kisichopitisha maji. Vifungo ni vya plastiki, afadhali, maana vya chuma hushika kutu kwa hewa ya pwani. Ila nne hazitoshi. Pedi hubadilishwa kila saa 4 hadi 6, na wakati wa masika, iliyofuliwa asubuhi huenda isikauke siku hiyo. Ikivaliwa mbichi huwasha. Ikikunjwa mbichi huota ukungu. Ziwe nane.

Loweka kwa maji baridi dakika 30, ndoo imefunikwa. Maji ya moto hugandisha damu kwenye nyuzi, doa likagoma kutoka. Sugua, suuza hadi maji yatoke safi, anika juani. Jiki hula kitambaa cha chini, na dawa ya kulainisha nguo huacha utando, pedi ikaacha kufyonza. Penye visima vya maji ya chumvi sabuni haitoi povu, kipande kinaisha upesi. Wekeni mche mzima. Na ndoo ya kulowekea isichotewe maji ya kunywa. Inahitajika ya pili.

Kanga ni kipande kimoja! Akijifunga hicho, pedi ataanika chini ya nini, na darasa limejaa wanaume? Iwe doti.

Filimbi na tochi ni za safari ya chooni usiku. Zitiwe kamba ya shingoni. Kwa anayekimbia kwa miguu, kama waliovuka mto Ruvuma kutoka Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, tangu vita vilipoanza 2017, ndoo ni mzigo. Vifaa vilevile vitiwe kwenye begi la mgongoni.

Mama aliyetoka kujifungua apewe na pakiti za pedi za kutupa, kwani damu ya uzazi huweza kutoka hadi wiki 6. Ikilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, apelekwe kituo cha afya mara moja.