Uzoefu wangu: kujifunza kazi ya hospitali huku nalipwa, hapa Moshi

Naandika hii kwa ajili ya wadogo zetu waliomaliza kidato cha nne, wako nyumbani, kazi ya hospitali wanaipenda ila ada ya chuo wazazi hawana. Mimi nimepita kwenye uanagenzi wa kulipwa kwenye hospitali moja binafsi hapa Moshi. Jina la hospitali sitalitaja maana nitasema mazuri na mabaya na sitaki kumharibia mtu. Kwa kifupi nauunga mkono huu mfumo, ningekuwa na mdogo wangu wa kike ningempeleka kesho asubuhi, lakini kuna jambo moja lazima alijue kabla hajasaini na hilo ndilo limenikalisha kuandika.

Inavyokwenda ni hivi, mnachukuliwa vijana wachache, mnasaini mkataba, mnakaa mwaka mzima. Siku nyingi mko wodini na manesi, mchana wa siku mbili za wiki mnaingia darasani, na darasa liko chini ya chuo chenye usajili wa NACTVET, lile baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi. Mwisho mtihani, unapata cheti cha uhudumu wa afya. Posho yetu ilikuwa laki moja na nusu kwa mwezi pamoja na chakula cha mchana. Sio hela nyingi jamani, ukitoa nauli ya daladala kutoka Pasua na kidogo cha kumwachia mama cha mboga hubaki na kitu cha maana, lakini angalia na upande wa pili, wenzangu niliomaliza nao shule wakaenda vyuo binafsi walikuwa wanatafuta milioni na kitu kila mwaka, bado hosteli, bado hela ya kwenda fildi. Mimi ada sikutoa hata shilingi. Viatu tu ndio nilinunua mwenyewe pale soko la Memorial, vyeupe vya mtumba, na vimenifikisha.

Sasa kujifunza kwenyewe, hapa ndipo naupa mfumo alama zote. Kila mmoja alikuwa na daftari lake la ujuzi, kila kazi imeandikwa mle na haihesabiki umeijua mpaka nesi akuone unaifanya kwa macho yake ndio asaini. Kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake. Kupima presha, na hapo unafundishwa umwache mgonjwa akae ametulia kama dakika tano kwanza, mkono umeegemea usawa wa moyo, asiongee, kwa sababu mama wa watu kapanda ngazi anahema ukimpima hapohapo unamwandikia presha ambayo sio yake. Kuhesabu pumzi kwa dakika nzima bila kumwambia, maana akijua tu anabadilisha anavyopumua. Kuchanganya jiki (dawa ya klorini ya kuua vijidudu) ya asilimia 3.5 kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji ili upate ile ya asilimia 0.5 ya kulowekea vifaa, dakika kumi. Boksi la sindano likifika robo tatu linafungwa, halishindiliwi. Vitu hivi ukisoma kwenye karatasi unaona vyepesi, ila kuvifanya saa kumi na moja alfajiri wodi imejaa na inchaji, yaani nesi mkuu wa wodi, kasimama mlangoni ni habari nyingine.

Kilichonibadilisha mimi ni wazee. Wodi yetu ilikuwa na wagonjwa wengi wa kiharusi, watu wazima kutoka huko juu mlimani, wengine hawawezi kujigeuza wenyewe kitandani. Ni lazima wageuzwe kila baada ya saa mbili la sivyo ngozi ya mgongoni na kwenye visigino inaanza kuoza, na kidonda kile kikishaingia kupona kwake ni kazi kubwa kuliko ugonjwa aliokuja nao. Hiyo kazi ndiyo yetu sisi wahudumu, daktari hawezi kuwa hapo kila saa mbili na nesi mmoja ana wagonjwa kibao. Kulikuwa na bibi wa Rombo, Kiswahili kilikuwa kimempotea baada ya kuugua, kimebaki Kirombo, na mimi Kichagga changu ni cha Machame ambacho ukienda Rombo kinakusaidia kidogo sana. Nikajifunza kwa binti yake yale maneno ya muhimu, shikamoo, maji, unaumwa wapi, nakugeuza. Alikuwa akinisikia anashika mkono. Alitoka wodini ngozi yake nzima, haina hata mchubuko, na binti yake aliniita "mwanangu" mbele ya watu wote. Hiyo kitu hakuna ada inayoweza kununua, na ndipo nilipojua kwamba kazi hii naiweza. Wengine wawili waligundua hawaiwezi wakaondoka, na hilo nalo ni faida, wameligundua wakiwa wanalipwa badala ya kuligundua mwaka wa pili chuoni wakati mzee kashauza ng'ombe.

Haya, hilo jambo moja sasa. Cheti hiki hakikufanyi nesi. Watu wengi sana wanaingia wakidhani wakimaliza watavaa yunifomu ya nesi na kuchoma sindano, hapana. Unatoka mhudumu wa afya, kazi halali kabisa, hata serikali inaajiri kwa hicho cheti cha mwaka mmoja, ila kuwa muuguzi ni mlango mwingine. Chuo cha uuguzi kinataka angalau D nne kidato cha nne zikiwemo kemia, baiolojia na fizikia, unasoma, unafaulu, ndio Baraza la Uuguzi na Ukunga linakupa leseni. Uingereza wana njia ya kuwa nesi kamili kupitia uanagenzi, wameanza 2017, unasoma digrii ya uuguzi huku umeajiriwa na unalipwa. Kwetu hiyo haipo. Hospitali inayokwambia utamaliza kwao ukiwa nesi kimbia, hata kama posho ni nono.

Mabaya niliyokutana nayo. Posho ilichelewa mara kadhaa na hakuna aliyekuja kutueleza, tunasikia tu kwa mlinzi. Kuna shifti ulikuwa unatumwa chai na vocha kutwa nzima mpaka siku inaisha daftari halijapata saini hata moja, na hapo inabidi useme kwa adabu, "dada naomba leo unisimamie kupima presha", ukinyamaza utamaliza mwaka unajua kudeki tu. Usiku wa mwezi wa saba baridi la Moshi mnalijua, vaa sweta ndani. Na chanjo ya homa ya ini B, ile ya dozi tatu, sisi tulianza kupewa tukiwa tumeshaingia wodini muda, hii sikuipenda kabisa na bado siipendi. Dai dozi ya kwanza kabla hujagusa mgonjwa. Na ukijichoma sindano, Mungu apishie mbali, usione aibu ukakaa kimya, toa taarifa hapohapo maana dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze mapema na mwisho wake ni saa 72.

Kama hujapata nafasi ya namna hii usikae tu. Kuna mpango wa serikali wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, mafunzo yake ni miezi sita na unaanzia kwenye mtaa au kijiji chako, kwa hiyo jenga mazoea na ofisi ya mtendaji uwe unasoma matangazo. Na wale wenye zile D za sayansi, mikopo ya HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya serikali, kwa ngazi ya diploma ilianza mwaka wa masomo 2023/2024 na kozi za afya zimo, msije mkakata tamaa na chuo kabla hamjaomba.

Ukiitwa kusaini, uliza mambo haya na usiogope kuonekana mjuaji: cheti kinatolewa na chuo gani na usajili wake upo, posho imeandikwa kwenye mkataba au ni maneno, hospitali inaniandikisha NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) au hapana, chanjo lini, na ukiumia kazini nani anakutibu. Nakala ya mkataba ondoka nayo siku hiyohiyo. Mimi nimebaki pale pale kama mwajiriwa, mshahara umeshapita ile posho, na Novemba narudia kemia na fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Wengi wananiuliza niliipataje. Sikuwa na mjomba wala shangazi ndani. Tangazo lilibandikwa getini, nikapeleka barua ya mkono na nakala za cheti cha kuzaliwa na matokeo ya kidato cha nne, nikaitwa usaili. Hospitali za Moshi na Arusha ziko nyingi, za serikali, za makanisa, za watu binafsi, pita ofisi ya utumishi ya kila moja uulize kama wanachukua wanagenzi na wanachukua mwezi gani.