TAHADHARI: Sanduku la "rangi za watawa" lina arseniki, na dhahabu yake si dhahabu

Ndugu zangu mnaoandika khati na mnaopamba kurasa kwa namna ya Ulaya ya kale, mlioko Uingereza, Ujerumani, Ghuba na huko nyumbani: kuna muuzaji wa mtandaoni anayeuza sanduku zima la vifaa vya kupambia miswada, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, "kama walivyofanya watawa wa zama za kati". Msinunue. Na kama mmeshanunua, kichupa cha manjano kisifunguliwe kabla hamjasoma hapa mpaka mwisho.

Jina la duka silitaji, kwa sababu limeshabadilika tangu nianze kulifuatilia, na atakayelitafuta kwa jina la leo atalikosa kesho. Mtambueni kwa mwenendo wake. Picha zake ni za kurasa zilizomo kwenye makumbusho, si kazi ya mikono yake. Anataka pesa zitumwe moja kwa moja kwenye akaunti ya benki. Ukimuuliza rangi fulani imetengenezwa kwa nini, anakujibu kwamba ni siri ya monasteri.

Sanduku nililolikagua lilinunuliwa na dada mmoja anayejifunza kwangu kupaka dhahabu. Ndani mna ngozi ya ndama, dhahabu, buluu ya jiwe la lapisi lazuli, nyekundu ya zingefuri, manjano, wino na manyoya ya bata bukini. Rafiki yangu mhifadhi wa vitabu vya kale akatusaidia kuzipitisha rangi kwenye kifaa cha eksirei kinachoonyesha elementi zilizomo.

Nianze na manjano, maana hapo pana hatari ya mwili na si ya mfuko tu. Kibandiko kimeandikwa "manjano ya mfalme", basi. Hakuna alama ya fuvu, hakuna onyo, hakuna hata neno la kusema usiguse kwa mkono mtupu. Kifaa kilionyesha arseniki na salfa. Hiyo ni oripimenti, sumu inayojulikana tangu zamani, na kweli ilitumika kwenye miswada kwa sababu inang'aa karibu na dhahabu. Mtu anayeijua huishika kwa glovu na barakoa, huisaga ikiwa imelowa ili vumbi lisiruke, na haweki sahani yake ya rangi karibu na chakula. Muuzaji huyu anaituma kama poda kavu, kwa watu wanaoanza, na katika tangazo lake anaonyesha watoto wakipaka rangi mezani.

Fikirieni desturi yetu ya kuchonga ncha ya brashi kwa midomo. Wengi tunafanya bila kujua. Mwaka 2019 watafiti walieleza kwamba walikuta chembe za buluu ya lapisi lazuli kwenye ukoga wa meno ya mwanamke aliyezikwa katika monasteri ya Dalheim, Ujerumani, aliyeishi takriban miaka elfu moja iliyopita. Maelezo waliyoyaona kuwa na nguvu zaidi ni kwamba alikuwa mpambaji wa vitabu, akiilamba brashi yake ili ncha ikae. Yule alilamba buluu. Dada yangu huyu naye hulamba brashi, na kama si kuja kwangu kwanza angelamba arseniki. Nilipoona matokeo mikono ilinitetemeka.

Kuna jambo jingine linaloonyesha kwamba muuzaji hajali. Oripimenti haipatani na rangi za risasi wala za shaba. Zikikutana kwenye ukurasa huweza kugeuka nyeusi. Na ile "zingefuri" yake, inayopaswa kuwa zebaki na salfa, haikuonyesha zebaki hata kidogo. Ni risasi nyekundu, nayo ni sumu. Kwa hiyo ameweka kwenye sanduku moja rangi mbili ambazo mafundi wa kale walionya zisikae pamoja, na hakumwambia mnunuzi.

Dhahabu ya sanduku hili ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Hii mnaweza kuipima wenyewe. Dhahabu halisi ya kupakia ni nyembamba kiasi kwamba ukiishika kwa vidole inapotea kwenye ngozi yako. Huinuliwa kwa brashi au kisu maalumu. Ukiiweka mbele ya taa, mwanga unaopenya huonekana wa kijani au wa buluu. Ya bandia hushikika kama karatasi ya pipi na haipitishi mwanga. Tena angalieni ukubwa: dhahabu halisi kwa kawaida huuzwa katika vijitabu vya majani 25 ya sentimita 8 kwa 8, na majani ya sentimita 14 au 16 karibu kila mara ni ya bandia. Mwenye shaka bado aning'inize kipande ndani ya chupa yenye siki kidogo chini, afunike, aache siku kadhaa. Ya shaba itaota kijani. Ndivyo rangi ya kijani ya kutu ya shaba ilivyotengenezwa zamani, na dhahabu haiwezi kufanya hivyo.

Buluu ndiyo yenye ujanja mkubwa, na hapa naomba subira yenu.

Lapisi lazuli ilifika Ulaya kutoka machimbo ya Sar-i Sang, Badakhshan, Afghanistani. Ukilisaga jiwe lenyewe tu unapata unga wa kijivu, kwa kuwa buluu imechanganyika na kalsaiti nyeupe na madini mengine. Mchoraji Mwitaliano Cennino Cennini, karibu mwaka 1400, alieleza njia ya kuitoa: unga huo hukandwa ndani ya donge la utomvu wa msonobari, mastiki (gundi ya mti) na nta, huachwa siku kadhaa, kisha hukandwa tena ndani ya maji ya majivu. Buluu hutoka na kuzama, uchafu hubaki kwenye donge. Mkamuo wa kwanza ni wa thamani kubwa, wa mwisho ni majivu ya rangi ya mawingu. Nimeifanya kazi hii. Viganja vinauma, na kinachopatikana ni kidogo mno ukilinganisha na jiwe uliloanza nalo. Ndiyo maana hata leo gramu 10 za daraja la juu huuzwa kwa mamia ya euro.

Mwaka 1824 chama kimoja cha Ufaransa cha kuendeleza viwanda kiliahidi faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza buluu hiyo kwa njia ya kiwandani, na mwaka 1828 Jean-Baptiste Guimet akapewa tuzo. Tangu hapo buluu hiyo ya kiwandani, iitwayo ultramarini, ni rahisi, na ndiyo iliyotumika sana kwenye nili za kufulia kanzu na mashuka. Ni rangi njema. Mimi mwenyewe naitumia kufundishia na sioni haya. Ubaya ni kuiuza kwa bei ya jiwe la Badakhshan.

Muuzaji ana video akidondosha asidi juu ya buluu yake, rangi inafifia, naye anasema huo ni ushahidi wa lapisi. Si ushahidi. Ya jiwe na ya kiwandani zote hufifia kwenye asidi, maana kikemia ni kitu kimoja. Hata namba ya kimataifa ya rangi, PB29, ni ya zote mbili. Kinachotenganisha ni hadubini: ya jiwe ina chembe kubwa na ndogo, zenye kingo kali, na vipande visivyo na rangi kati yake, ya kiwandani ni chembe ndogondogo za mviringo zinazolingana. Ya sanduku hili inalingana yote.

Anayedhani hakuna atakayejua, akumbuke yule mghushi wa miswada wa miaka ya mwisho ya 1800, ambaye Belle da Costa Greene wa Maktaba ya Morgan, New York, alimpa jina la Mghushi wa Kihispania. Picha zake ziliwahadaa wakusanyaji wengi. Baadaye kijani chake kilipimwa kikakutwa na shaba na arseniki, rangi ambayo haikuwepo kabla ya mwishoni mwa karne ya 18.

Hiyo "ngozi ya ndama" ya sandukuni ni karatasi iliyopitishwa kwenye asidi. Ngozi ya kweli ina upande wa manyoya wenye vitundu vidogo na upande wa nyama ulio laini zaidi; kona yake ikiguswa na moto hujikunja na kunuka nywele zilizoungua. Hii iliwaka ikawa jivu.

Wino na manyoya ni vizuri, nakiri. Wino unaandika hafifu kisha unaiva kuwa mweusi, kama wino wa vivimbe vya mwaloni unavyotakiwa. Nadhani hapo ndipo zinapotoka sifa anazopewa: watu hujaribu wino siku ya kwanza, wanafurahi, wanaandika sifa, na dhahabu hawajaigusa.

Mnaotaka ngozi, iko kampuni ya William Cowley ya Newport Pagnell, Uingereza, inayoitengeneza tangu 1870. Na jirani zetu Ethiopia bado wana waandishi wanaotayarisha ngozi ya mbuzi kwa mikono. Kwa rangi, daini namba ya rangi na karatasi ya usalama, ile inayoeleza hatari zake, kabla ya kulipa. PY39 ni arseniki, PR106 ni zebaki, PR105 na PW1 ni risasi. Muuzaji wa rangi za risasi Ulaya atakuuliza unazitumia kwa kazi gani, asiyeuliza muogopeni.

Walio na sanduku hili: kichupa cha manjano na cha nyekundu vitieni kwenye mfuko wa plastiki, mfunge, mweke mbali na watoto, kisha mpeleke panapopokelewa taka za sumu katika mji wenu. Visimwagwe kwenye sinki wala chooni. Kama vilishafunguliwa, futeni meza kwa kitambaa kilicholowa, msifagie, na aliyelamba brashi yenye manjano hayo aende kwa daktari leo na amwambie neno arseniki. Piga picha za vibandiko na risiti kabla ya kutupa chochote. Waliolipa kwa kadi wadai benki irudishe. Waliotuma pesa moja kwa moja watoe taarifa benki na polisi, kisha waniandikie jina la akaunti waliyotumia, ili tuone kama ni mtu yuleyule.