Fundi wa Mwanjelwa anaeshonea waliotolewa titi

Kuna mdada fundi cherehani pale sokoni Mwanjelwa anashona sidiria na nguo za wanawake waliofanyiwa operesheni ya kutolewa titi, na mi nataka wanawake wa Mbeya wote wamjue, kwasababu kidonda na dawa utaelekezwa vizuri tu ila swali la nikitoka hapa navaa nini unabaki nalo mwenyewe, unafika nyumbani kabati limejaa madera na hakuna hata moja linalovalika.

Dera linapitia kichwani na mkono wenyewe haunyanyuki, hasa kama wamekutoa na tezi za kwapani. Wiki za mwanzo kila unachovaa kifunguke mbele, juu mpaka chini. Yeye alinishonea gauni la vifungo la pamba, pana, na kwa ndani usawa wa kiuno kaweka mifuko miwili ya kukalia zile chupa zinazopokea maji ya kidonda kupitia mpira. Wanaouguza wengi hiki hawakijui mpaka wakione, yaani chupa ikining'inia kila ukisimama inauvuta ule mpira pale unapoingilia kwenye ngozi, inauma vibaya mno, ila ikiwa mfukoni unatembea mpaka nje unaota jua na mgeni akija haoni kitu. Na mpira unaweza kukaa wiki, mbili au zaidi, madaktari wengi wanautoa maji yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, kwahiyo andika kila siku yametoka kiasi gani uende nayo kliniki. Gauni nililipa 25,000 na kitambaa juu yake. Kama hela imebana chukua shati la kiume la mitumba, kubwa, la pamba, mpelekee akuwekee mifuko tu, hapo ni 2,000 na linafanya kazi ileile.

Sasa sidiria, hapa ndo namsifia kwa moyo wote. Haina waya, kamba za begani pana, vishikizo viko mbele, mishono kaigeuzia nje isikwaruze kovu, na kwa ndani kuna mfuko wa kitambaa laini pande zote mbili wa kuwekea titi la bandia. La kuanzia anakujazia pamba tupu, jepesi, maana kidonda kikiwa bado kibichi hutakiwi kukiwekea uzito. Yale ya silikoni mengi yanasubiri mpaka upone kabisa, mara nyingi wiki 6 hadi 8 na kwanza umuulize daktari wako, na bei yake si ya kila mtu. Yeye ukishapona anakuongezea kimfuko kidogo cha shanga ndani ya ile pamba lipate uzito, na hili lina maana kubwa kwa sisi wenye matiti makubwa kwasababu upande mmoja ukibaki mwepesi bega linapanda na mgongo unaanza kuuma. Kabla yake nlikuwa nimenunua ya sponji duka moja hapa mjini, bei mara mbili, joto, na ukiinama inapanda mpaka karibu na shingo, nikaiweka pembeni. Ya fundi 15,000, nimeivaa mpaka kanisani na sikuwaza kuigusagusa hata mara moja.

Anashona na kamto kadogo ka kuweka kwapani, mwambie akuwekee na kamba ya kupitisha begani. Mkiwa mnapelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road kwa mionzi ni zaidi ya kilomita 800 mpaka Dar, mkanda wa kiti unapita palepale kwenye kovu na ukifika kona za Kitonga utalishukuru hilo mto. Wakati wa mionzi ngozi inawaka, siku zingine utashindwa kabisa kuvaa sidiria, vaa flana laini ya pamba uache, usilazimishe.

Huku kwetu kuna baridi pia. Juni na Julai Uyole au Forest huwezi kukaa na gauni tu, tafuta sweta la zipu au vifungo, sio la kuvutia kichwani. Ila jamani, pale kifuani na chini ya mkono ganzi inakaa muda mrefu, wengine haiishi, unaweza ukaungua usisikie, kwahiyo chupa ya maji ya moto usiweke upande huo na jiko la mkaa usilisogelee kwa upande huo. Mkono wenyewe uulinde, mikono ya blauzi iwe mipana, bangili na saa inayobana hamishia upande wa pili, na ukipimwa presha toa mkono mwingine, maana tezi zikitolewa mkono unaweza kuvimba hata baada ya miaka. Ndoo ya maji achia watoto, mjukuu mgongoni bado kwanza kwasababu ile kanga inafungwa juu ya kidonda kabisa. Mazoezi ya kutembeza vidole ukutani fanya kama ulivyoelekezwa, ndo yatakurudisha kwenye madera.

Kasoro zake zipo. Sehemu ya kujaribia ni pazia jepesi na njia ni nyembamba watu wanapita, mi ningependa aweke hata kitenge kizito. Karibu na sikukuu anazidiwa na nguo za sare, hatimizi siku aliyokuahidi. Na sidiria yangu ya kwanza lastiki ya chini ilibana, aliifumua bila kuongeza hata mia, ila mwambie mapema aache nafasi na safu mbilitatu za vishikizo kwasababu uvimbe bado unapungua na vipimo vya leo mwezi ujao sio vyako. Hakulazimishi kuvua, anapima juu ya kanga kama hutaki, na kwa mama ambae hawezi kutoka anafika mpaka nyumbani ukimlipia bajaji.

Nenda asubuhi katikati ya wiki, chukua sidiria yako ya zamani inayokukaa vizuri aitumie kama kipimo, na uende na wifi au mdogo wako wa kukubebea mkoba.