TAHADHARI: kuna jamaa Kampala anauza skopu feki za bunduki kwa bei ya kuvutia, msimtumie pesa

Wandugu naomba msome hii hata kama hamna haja na mambo ya bunduki (skopu ni ile darubini ndogo inayofungwa juu ya bunduki ya kulengea), sababu mtu huyu huyu anauza pia darubini za mkononi kwa maguide na watu wa kuangalia ndege, na nina hakika sio mimi peke yangu amenila.

Iko hivi. Kaka yangu mkubwa anaishi Marekani, jimbo la Ohio, na kule anawinda dia kwa kibali. Dia ni mnyama wa kwao, kama swala hivi, ila dume pembe zake zina matawi. Mwanzo wa Januari wana siku chache za kuwinda kwa gobori, ile bunduki unashindilia baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu, ukishapiga moja unaanza kushindilia upya. Yani una risasi moja tu ya maana. Ukikosea, mnyama amekimbia, au mbaya zaidi umemjeruhi akaenda kufia vichakani na hakuna atakayempata, na hilo ndilo kaka yangu analiogopa kuliko kitu chochote.

Alikuja nyumbani Krismasi, akaona kwenye simu yangu tangazo la skopu, Leupold 3-9x40 (Leupold ni kampuni, 3-9 ni inakuza mara 3 mpaka 9, 40 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita), shilingi 380,000. Hiyo ni kama dola 100, na yeye anasema kwao ile inakaribia dola 300. Akaniambia mdogo wangu hebu fuatilia hiyo. Nikampigia muuzaji, mtu ana adabu kabisa, anakuita bosi kila sentensi, akasema duka lake liko karibu na Old Taxi Park. Nikamwambia nakuja kuiona, ghafla duka linapakwa rangi, nitume nusu kwa Mobile Money halafu boda ataniletea mpaka Wandegeya. Kutuma, jina linalotokea ni la mwanamke, nikauliza, akasema ni mke wake. Hapo ningesimama, sikusimama, kaka alikuwa na safari kesho yake na mimi nilitaka asafiri amefurahi. Boda akaja, akachukua nusu iliyobaki, akaondoka. Risiti hakuna.

Kwa macho ilikuwa nzuri, boksi zuri, imeandikwa Made in USA, ina taa nyekundu na kijani ndani. Kaka akaifunga kwenye gobori lake akaenda kujaribu kwenye uwanja wa shabaha, yadi 100. Risasi ya kwanza ikaenda karibu na katikati. Ya pili, bila kugusa kitu, ikahama kushoto karibu shubiri nzima. Ya tatu haikugusa karatasi kabisa, na ile ya tatu ndiyo skopu ilirudi ikampasua juu ya jicho, alishonwa nyuzi nne. Nikiangalia ile picha aliyonitumia najisikia vibaya mpaka leo, maana ni mimi niliyelipa.

Baadaye akanieleza kilichotokea. Gobori lenye baruti nyingi linapiga teke kali, kwa hiyo skopu yake lazima uione picha nzima ukiwa umeweka jicho mbali, sentimita 9 au 10 hivi. Hii ilitaka jicho likae sentimita 6. Ndani hakuna kitu kimekazwa, ni skopu ya bunduki za kuchezea, wamebandika jina kubwa tu. Na asubuhi ya baridi ikajaa ukungu ndani ya lenzi, wakati skopu ya kweli imezibwa na kujazwa gesi kavu ili hilo lisitokee. Aliwapigia Leupold wenyewe akawasomea namba ya utambulisho iliyochorwa kwenye bomba la skopu, wakamwambia namba hiyo haiko kwao.

Sasa kama wewe una bunduki yenye leseni ya polisi, au una ndugu nje kama mimi, usilipe chochote kabla hujaishika skopu mkononi. Nenda na rula. Ukiwa dukani elekeza skopu kwenye kibao cha ng'ambo ya barabara, rudisha jicho nyuma polepole mpaka duara la picha lianze kupungua, pima hapo toka jicho mpaka skopu. Halafu kata boksi mfano wa V pande mbili, ilaze skopu humo isitikisike, weka msalaba, ile mistari ya kulengea unayoiona ndani, kwenye alama moja ukutani, zungusha kile kifundo cha juu cha kusogeza msalaba klik 20 kwenda na 20 kurudi. Msalaba usiporudi palepale, iache. Klik zenyewe uzihesabu kwa kidole, zikiwa laini kama zimepakwa siagi iache pia. Na usidanganywe na ukubwa wa namba, eti 6-24, dia wengi wa gobori wanapigwa chini ya yadi 150, kaka anasema hata 4 inamtosha. Kwa dola 150 hivi kule kwao anapata Vortex Crossfire, skopu ya kampuni nyingine, ya kweli na waranti yake, ndiyo aliyonunua mwishowe. Halafu sheria zao sio moja, Colorado kwa mfano msimu wa gobori hawaruhusu skopu, kwa hiyo mwulize ndugu yako jimbo lake kwanza kabla hujamnunulia zawadi.

Kitu kingine kilichonitisha, yule muuzaji aliniambia nikitaka na bunduki yenyewe atanitafutia, makaratasi yatafuata. Mtu akikwambia hivyo kata simu. Hapa kwetu bunduki bila leseni ni jela, hakuna makaratasi ya kufuata.

Nimeripoti polisi na nimewapa namba ile ya Mobile Money na lile jina. Akaunti yake ameshabadilisha jina mara mbili ninavyoona, ila picha ni zilezile, skopu imelazwa juu ya gunia la kahawa, meza ina kitambaa cha kijani chenye tundu la moto wa sigara pembeni. Ukiona hilo tundu ni yeye.