Nimejaribu naftalini na mfuko wa neti: vitobo kwenye tisheti vinatoka wapi?

Haya jamani karibuni tena, leo mezani nina vitu viwili, pakiti ya vidonge vya naftalini na huu mfuko wa neti wa kufulia, halafu nina rundo la tisheti zangu ambazo zote zina ugonjwa mmoja, hebu sogea uone, vitobo vidogovidogo kama vya pini, hapa mbele, chini kidogo ya kitovu. Moja, mbili... hii ina saba! Mimi muda wote nilikuwa nalaumu nondo, yule mdudu wa kabatini, nikajaza naftalini kabatini, chumba kikanuka kama choo cha umma, na vitobo vikaendelea kama kawaida.

Kumbe nondo nimemsingizia. Yule anayeruka hata hali nguo, anayekula ni kiwavi wake, na kiwavi anataka sufu, hariri, manyoya, vitu vya mnyama. Pamba safi hana habari nayo, labda iwe na jasho au imemwagikiwa chakula. Na akila hachagui kitovu bwana, mara kola, mara kwapani, tobo halina umbo, na pembeni mara nyingi unakuta kautando fulani hivi. Angalia hii sweta ya sufu, hii ndiyo kazi yake, umeona ilivyo tofauti?

Kwa hiyo naftalini inafanya kazi, ila kwenye boksi lililofungwa kabisa, maana kinachoua ni ule mvuke wake, sasa kabati unalifungua kila asubuhi mvuke utakaa saa ngapi? Na nguo za mtoto mchanga usithubutu, kuna watoto wana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, naftalini inawavunjia chembe hizo. Hapo sitanii.

Sasa mwizi mwenyewe huyu hapa. Nimevaa jinzi, tisheti nimeiachia nje, kifungo cha jinzi kiko wapi? Palepale penye vitobo! Halafu nikiosha vyombo najiegemeza kwenye kaunta, kitambaa kinabanwa kati ya chuma na ukingo wa kaunta, kinasagwa, kinasagwa, na tisheti za siku hizi nyembamba, zimefumwa kwa vitanzi, uzi mmoja ukikatika vitanzi vya jirani vinaachia. Mkanda wa gari nao unasaga hapohapo. Shika tisheti yako uielekeze dirishani, kabla tobo halijatoka utaona sehemu imekonda, mwanga unapita, kama hapa. Mimi nilichukua mbili mpya za aina moja, moja nikawa naichomekea, nyingine naiachia, wiki tatu tu ya kuachia ikatoa viwili, ya kuchomekea mpaka leo nzima.

Mfuko wa neti huu wenyewe unasaidia vitobo vya aina nyingine, vile vya mashine, vinavyotokea popote na vinakuwa na uzi uliovutwa. Hivyo vinaletwa na zipu iliyoachwa wazi na vikulabu vya sidiria. Watu wanaweka tisheti mfukoni, mimi nasema weka sidiria, fungia adui! Kasoro ya huu nilioununua ni hiki kichwa cha zipu yake, hakina kampira ka kukifunika, chenyewe kinakwaruza wenzake, kimenichania legingi moja nikanuna siku nzima. Ukinunua angalia hilo kwanza. Na ukiwa unashuku mashine, vaa soksi ya zamani ya nailoni mkononi upitishe taratibu ndani ya dramu lote, ikinasa mahali, hapo pana chuma kimechomoza.

Aa, blichi nayo nisisahau, ile ya klorini ukiimwaga kavukavu bila maji pamba inalegea, tobo linakuja baada ya kufua mara kadhaa hata hukumbuki ulifanya nini.

Naftalini nampa nne kwa kumi, kwa ajili ya sweta tu. Mfuko sita, ungekuwa na kampira ningempa nane. Vitobo vya kitovuni hakuna cha kununua, nachomekea nikiingia jikoni basi, na hii yenye saba imeshahamia kwenye ndoo ya kudekia.